Kiti cha kuegemea kwa mtu mwenye FOP, kutoka karakana moja ya Katwe

Naandika hii kwa yeyote hapa Kampala au huko wilayani ambaye nyumbani kwake kuna mtu asiyeweza kukalia kiti cha kawaida, na sio kwamba amepooza, miguu anaisikia vizuri na nguvu anazo, ila viungo vimefunga na havikunji tena. Mdogo wangu ni wa hivyo. Ana ugonjwa unaoitwa FOP na tumehangaika na viti miaka na miaka mpaka tukaelekezwa kwa mzee mmoja mwenye karakana ya vyuma pale Katwe, na mzee huyu katengeneza kitu ambacho mimi sijakiona dukani popote. Nampa nyota nne na nusu kati ya tano. Hiyo nusu niliyokata nitaieleza huko chini, na hakuna mtu kanilipa kuandika haya, sente zote zimetoka mfukoni mwetu.

Lazima nieleze ugonjwa wenyewe kwanza maana bila hivyo mtu atashangaa kiti kimoja kinaandikiwa maneno mengi hivi. FOP kirefu chake ni fibrodysplasia ossificans progressiva. Misuli, kano na nyama nyingine laini zinazoshikilia viungo zinageuka kuwa mfupa, na namaanisha mfupa kamili wenye uboho ndani, ukipiga eksirei unauona umejijenga pale ambapo hapakutakiwa kuwa na mfupa na umefunga kiungo moja kwa moja. Chanzo ni kosa dogo sana kwenye jeni inayoitwa ACVR1. Waliligundua mwaka 2006, timu ya Frederick Kaplan na Eileen Shore wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania kule Marekani, na karibu wagonjwa wote wana kosa lile lile, mahali pale pale kwenye jeni. Mara nyingi halitoki kwa wazazi, baba hana, mama hana, mimi sina, limejitokeza lenyewe kwa mtoto mmoja tu. Wanakadiria mtu mmoja katika kila milioni moja au mbili, so ukichukua Waganda karibu milioni 46 waliohesabiwa 2024, hata kwa hesabu ya juu nchi nzima hawafiki hamsini. Sasa nani atajaza duka na viti vya watu hamsini.

Mdogo wangu alizaliwa na vidole gumba vya miguu vifupi vimepinda kwa ndani, miguu yote miwili. Mkunga aliona, mama aliona, wote wakasema hicho ni kitu kidogo, atakua atavaa viatu. Kumbe hiyo ndio alama yenyewe, karibu kila mtoto wa FOP anazaliwa nayo. Alipofika umri wa chekechea vikaanza vinundu mgongoni na shingoni, vigumu, vya moto ukigusa, hiki kinapotea kile kinatokea, na hospitali moja ikasema inawezekana ni kansa, wakakata kipande wakapime. Pale walipokata pakaota mfupa. Baadaye akashikwa na malaria, kliniki ya mtaani ikamdunga kwinini kwenye nyama ya paja, nyonga ya upande huo ikavimba wiki nyingi, uvimbe ukapoa, nyonga ikabaki imefunga. Hakuna hata mmoja aliyetaka kumuumiza, hawakujua tu. Lakini kwa mtu wa FOP sindano ya kwenye msuli, upasuaji, kuanguka, hata mafua makali, vyote vinaweza kuamsha uvimbe ambao ukiisha umeacha mfupa. Nawaomba wazazi kitu kimoja kabla sijarudi kwa fundi: mtoto akiwa na vinundu mgongoni au shingoni visivyoeleweka, mvue viatu muangalie vidole gumba vya miguu kabla hamjakubali akatwe chochote, na mtajieni daktari hilo neno FOP. Kipimo cha jeni kinafanywa kwa damu au mate, hakuna haja ya kukata nyama.

Leo ana miaka 23. Shingo haigeuki. Mgongo umenyooka wote mzima. Mkono wa kulia umekunjika kwenye kiwiko na umekaa hapo hapo mbele ya tumbo, wa kushoto anauinua mpaka usawa wa kifua. Nyonga ya kulia imefunga nusu njia, hawezi kusimama wima kabisa na hawezi kukaa, ile ya kushoto bado inakunja kiasi. Taya linafunguka pa kupitisha kijiko chembamba. Anaongea vizuri, anacheka, macho yanazunguka kila upande, sababu ugonjwa huu hauingii kwenye ulimi, wala misuli ya macho, wala moyo, wala kiwambo cha kupumulia. Na ana kibanda chake cha mobaili mani Nateete, amekijenga kwa akili yake mwenyewe, na wateja wake wanampenda kwa sababu hakosei hesabu.

Tatizo lilikuwa pale kibandani. Asubuhi hadi jioni alikuwa anaegemea ukuta na fimbo, mguu unavimba, mgongo unauma, jioni nikimfuata nakuta jasho limemlowanisha. Kiti cha magurudumu tulishapewa msaada siku za nyuma, kizuri tu kwa mtu mwingine, lakini kimetengenezwa kwa mtu anayekunja nyonga mpaka mwisho, yeye ukimweka anateleza mbele kama ubao ulioegemezwa kwenye sofa. Tukajaribu stuli ndefu zile za baa, hiyo angalau anaweka makalio nusu, ila ni nyembamba chini na zinayumba, na mtu wa FOP kuanguka ni hatari mara mbili, kwanza hawezi kutoa mikono kujikinga so anakwenda kichwa mbele, alafu hata akipona majeraha, pale alipogonga panaweza kuvimba na kugeuka mfupa. Duka moja la vifaa vya hospitali mjini, kijana wa pale alitushauri tumkunje kidogo kidogo kila siku, eti atazoea kiti. Nilishikwa na hasira siwezi kuficha. Kumkunja au kumnyoosha kwa nguvu mtu mwenye FOP ndio kumtafutia uvimbe mpya, hata mazoezi ya viungo ya kuvutwa na mtu mwingine hayatakiwi kwake.

Aliyetupeleka Katwe ni mama anayeuza mkaa jirani na kibanda, mwanae aliugua polio na mzee huyu ndiye aliyemtengenezea baiskeli ya kusukuma kwa mikono. Akasema huyo mzee ana subira, nendeni mkaongee naye.

Karakana yenyewe ukiiona hutadhani. Mabati juu, mageti ambayo hayajamalizwa yameegemezwa nje, mashine za kusaga zinasubiri mota, grenda inapiga kelele mwanzo mwisho. Mzee anaongea Kiswahili kizuri, ujana wake alifanya gereji Mombasa, na vijana wake wawili nao wanakisikia. Tulimkuta anachomelea, akamwona mdogo wangu amesimama mlangoni, akazima mashine na akawaambia vijana nao wazime, akatoka nje yeye mwenyewe badala ya kutuita ndani kwenye ule moshi. Hilo peke yake niliweka akilini. Mbavu za mdogo wangu zimeshikana, kifua hakipanuki, anapumua kwa tumbo, so vumbi na mafua tunavikwepa kuliko kitu kingine chochote, na mzee alikuwa hajaambiwa hata neno moja.

Sasa nitaongea sana kuhusu kupima maana hapa ndio thamani ya huyu mtu ilipo. Mafundi wengine tuliokwenda kwao kitu cha kwanza walikuwa wanamshika, wanainua mkono, wanasukuma goti kuona linafika wapi. Mzee hakumgusa. Alimwambia, "Kijana wangu, simama vile unavyojisikia raha, mimi ndio nitakufuata wewe." Mdogo wangu akaegemea nguzo vile anavyoegemeaga. Mzee akafunga uzi juu ya boriti, chini yake akaning'iniza nati kubwa, ikawa timazi, akaanza kupima kwa futi kutoka kwenye ule uzi mpaka kisigino, mpaka nyuma ya goti, mpaka makalio, kiuno, bega, kisogo. Kila kipimo anapima ile nafasi ya hewa kati ya uzi na mwili. Kijana wake anaandika kwa chaki kwenye plaiwudi, na baadaye wakaunganisha alama zote ikatokea picha ya ubavu wake wote, saizi ile ile, kutoka kichwani hadi miguuni. Alafu akafanya tena upande wa pili, na tena kwa nyuma, maana mwili wa FOP haulingani, kulia na kushoto ni watu wawili tofauti.

Tulipodhani tumemaliza akasema mrudi jioni. Nikamuuliza kwanini mzee, vipimo si umeshachukua? Akasema asubuhi mtu yeyote anasimama vizuri, yeye anataka kuona mwili ukichoka unaangukia upande gani, kwa sababu kiti kitamfanyia kazi zaidi saa kumi jioni kuliko saa mbili asubuhi. Na kweli jioni zile alama zilikuwa zimehama upande wa kushoto, akazichora kwa chaki ya rangi nyingine.

Kuna kitu kingine alichouliza ambacho watu wengi wanauliza. Huo mfupa si wa ziada, akasema, kwanini daktari asiukate tu kama sisi tunavyokata chuma kilichozidi? Mdogo wangu akamjibu mwenyewe, taratibu, kwamba ukiukata mwili unaona jeraha, na kwake yeye jeraha ndio mbegu ya mfupa mwingine, unaweza kurudi mwingi kuliko ule wa kwanza. Akatoa simu akamwonyesha picha ya mifupa ya Harry Eastlack, Mmarekani aliyekuwa na FOP, alifariki 1973 siku chache kabla hajatimiza miaka 40 na alitaka mwili wake usaidie wanaosoma ugonjwa huu, mifupa yake iko makumbusho ya Mütter pale Philadelphia. Mifupa ya mtu wa kawaida ikibaki yenyewe inaachana kipande kipande, lazima ifungwe kwa waya ndio isimame, ya Harry karibu yote imeshikana. Mzee alichukua ile simu akaiangalia muda mrefu, anakuza picha, anaangalia mgongo, anaangalia nyonga, anauliza hapa na hapa pameshikana vipi, na hapa uzito unapita wapi. Nimezoea watu wakiona ile picha wanashika mdomo au wanageuza uso. Yeye aliisoma. Nakumbuka mdogo wangu alivyokuwa anamjibu, alikuwa na furaha ya mtu anayeulizwa kitu anachokijua. Akamwambia na habari za Carol Orzel, yule mama ambaye naye aliagiza mifupa yake iwekwe hapo hapo karibu na Harry, ila kwa sharti kwamba na mapambo yake ya kuvaa yaonyeshwe pamoja nayo.

Haya, kiti. Kimetengenezwa kwa paipu za mraba, chini ni kipana sana, nilijaribu kukisukuma kwa nguvu zangu zote hakikuinuka mguu. Hakikaliwi, kinaegemewa. Sehemu ya makalio iko juu na imeinama mbele, na imegawanywa mbili: upande wa kulia unafuata ile nyonga iliyofunga, umelala kwa pembe yake, upande wa kushoto umeshuka zaidi na una bawaba ya kukunjia ili paja lile linaloweza kusogea lisogee. Mgongo ni ubao bapa, sio wa kujipinda, maana mgongo wake hauna pinda. Sponji ni tabaka mbili, gumu chini na laini juu, na pale ambapo mfupa umetokeza mgongoni mzee alikata tundu kwenye lile gumu ili mfupa uzame usisuguliwe. Hiyo ngozi iliyo juu ya mfupa ni nyembamba, ikichubuka ni kidonda cha muda mrefu. Juu wamevalisha reksini nyeusi, unafuta kwa kitambaa basi. Mkono wa kulia una kibao chake kidogo cha kuulaza, na nyayo zina vibao viwili visivyolingana urefu.

Lakini kitu ninachokipenda kuliko vyote ni matundu. Kila paipu ina paipu nyingine ndani yake na matundu yamepigwa kila baada ya vidole viwili, unafungua bolti kwa spana moja unasogeza, unakaza. Mzee aliuliza, huu ugonjwa umesimama au unaendelea? Tukamwambia ukweli, unaendelea, huwa unaanzia shingo na mgongo na mabega unashuka, leo goti linakunja, mwakani labda halikunji, hatuwezi kujua. Akasema basi kiti kisimame tayari kwa kubadilika. Wale wote waliotangulia walikuwa wanamtengenezea mtu wa siku ile ile, huyu katengeneza cha mtu ambaye mwili wake utahama, na hajatufanya tujisikie vibaya kulisema.

Mkanda ulitaka kuleta mjadala. Mzee alitaka kuupitisha tumboni kwa usalama, mdogo wangu akakataa, akamweleza kwamba tumbo ndio pampu yake ya hewa, ukilibana unambana pumzi. Mzee alikubali mara moja, akauhamisha chini kabisa kwenye mifupa ya nyonga na akaweka kifungo cha kubonyeza ambacho mkono wa kushoto unakifikia, ili ajifungue mwenyewe bila kuita mtu. Yaani fundi anayekubali kusahihishwa na mteja wa miaka 23 kuhusu kazi ya vyuma, hao sio wengi.

Na kioo! Nilitaka kusahau. Shingo haigeuki so mteja akija kwa pembeni alikuwa hamuoni mpaka aongee, na kwenye biashara ya pesa hilo linatisha, kuna siku mtu alikaribia kuchukua simu ya kazi mezani. Mzee alifunga vioo viwili vya boda, kulia na kushoto, kwenye vishikio vinavyozunguka. Hatukuagiza. Alikuja kibandani kuona mahali kiti kitakapokaa, akasimama nyuma yake akamwita, akaona anavyogeuza mwili mzima kumtafuta, akaenda akarudi na vioo.

Vipande vya chuma kisichoshika kutu vilivyobaki alitutengenezea kijiko chenye mpini mrefu uliopinda, chembamba cha kupita kwenye taya, na kitana cha mpini mrefu, na ndoano ya kuvutia nguo. Hivyo vitatu alisema ni zawadi. Kijiko kinafanya kazi vizuri kwa uji na matoke yaliyopondwa, kwa wali bado anapendelea kusaidiwa.

Sasa ile nusu nyota. Muda. Alisema wiki moja na ikapita, ikapita tena, simu hapokei akiwa na grenda na akimaliza hakumbuki kurudisha. Kama una haraka utaumia roho. Rangi pia, walipaka siku moja kabla ya kutukabidhi na ilikuwa inanuka vibaya, tulikiacha nje kwa jirani mpaka harufu iishe, nashauri uwaambie mapema wapake na waanike. Kwanza walikuwa wameweka magurudumu manne ya toroli, siku ya kujaribu kibandani kiti kikasogea chenyewe kidogo kwenye mteremko na moyo ulinipanda kooni, bahati alikuwa bado hajapanda. Mzee mwenyewe alikuwepo, aliona, akayang'oa ya mbele siku hiyo hiyo akaweka miguu ya mpira, sasa ukitaka kukihamisha unakiinamisha nyuma unavuta. Hakutuchaji kitu. Risiti usipoomba hupewi. Na njia ya kuingia karakana ni nyembamba ina mtaro, mvua ikinyesha Katwe mnaijua, maji yanajaa, kwa mtu asiyetakiwa kuanguka sio mahali pa kuingia. Omba mzee atoke barabarani, anatoka.

Bei. Tulilipa shilingi za Uganda laki nne na themanini kwa kila kitu, nusu kwanza kwa mobaili mani, nusu siku ya kuchukua. Marekebisho ya mwanzo ni bure, baadaye ukitaka kubadilisha kitu kikubwa anachaji kazi na vifaa. Kwa kulinganisha, kuna duka lilitutajia zaidi ya milioni tatu kwa kiti cha kuagiza nje kinachorekebishika, na hicho nacho lazima nyonga ikunje.

Kuna ndugu zetu waliosema hizo pesa zingewekwa akiba ya dawa. Nawaelewa, wanampenda. Dawa ipo, palovarotene, inauzwa kwa jina la Sohonos, Marekani waliiruhusu Agosti 2023, Ulaya mwaka huo huo walikataa, na kazi yake ni kupunguza mfupa mpya, ule uliokwisha kuota haiugusi, na kwa watoto ambao bado wanakua inaweza kufunga ukuaji wa mifupa mapema. Uvimbe ukianza kwenye kiungo kikubwa daktari wetu huwa anampa prednisoloni kwa siku chache, inapunguza ukali. Majaribio ya dawa nyingine yanaendelea na tunayafuatilia kwa karibu, mdogo wangu anasoma kila kitu. Lakini kesho asubuhi kibanda kinafunguliwa, na nyonga yake iko vile ilivyo kesho asubuhi.

Matokeo nimeyaona mwenyewe. Mguu bado unavimba jioni ila sio vile vya zamani. Anafanya kazi mpaka giza kama wateja wapo, zamani saa tisa alikuwa ameshafunga. Anajipandisha mwenyewe, anatanguliza upande wa kushoto, anajiachia nyuma, anafunga mkanda. Kitu kimoja ambacho bado hakijakaa sawa ni kibao cha mguu wa kulia, kiko juu kidogo kuliko anavyotaka akivaa viatu vya mvua, tutarudi wakishushe tundu moja.

Ukitaka kwenda: usimpeleke mgonjwa siku ya kwanza. Nenda na picha zake akiwa amesimama au ameegemea vile anavyojisikia raha, ya mbele, ya nyuma na za pembeni zote mbili, na uandike sehemu zisizoguswa. Kisha panga na mzee, kwa gharama ya usafiri anakuja nyumbani kupima, hata sisi alipokuja Nateete kuona mahali pa kiti alikuja kwa boda na uzi wake mfukoni. Mwambie wazi kabisa kwamba hakuna kumkunja wala kumnyoosha, na vijana wake waambie pia, maana wao bado wanajifunza na mmoja alitaka kumsaidia mdogo wangu kwa kumshika kwapani, mzee ndiye aliyemzuia. Ukishuka Katwe waulize wanaotengeneza mageti, sema unamtafuta mzee wa viti na baiskeli za walemavu, watakuonyesha. Jumapili hafungui, na Ijumaa mchana yuko msikitini, asubuhi ndio utampata ametulia.